Kompyuta ya nyumbani safi na salama bila kununua programu: mwongozo kamili

Kompyuta ikianza kuwa nzito, matangazo yakijitokeza yenyewe na feni ikivuma hata usipofanya chochote, watu wengi hukimbilia njia mbili. Ya kwanza ni kuipeleka kwa fundi aipige Windows upya. Ya pili ni kupakua programu tatu nne zinazojiita za kusafisha na kuongeza kasi. Mara nyingi zote mbili huongeza tatizo. Windows ya kupigwa mtaani huja na kraki (kifaa cha kukwepa leseni) ndani yake, na programu nyingi za kuongeza kasi huja na matangazo na upelelezi wake.

Karibu kila kinachohitajika kulinda kompyuta ya nyumbani kinapatikana bure na kihalali, na kingi tayari kimo ndani ya mashine yako. Sehemu kubwa ya kazi ni kuondoa. Nimeandika kwa ajili ya kompyuta inayotumiwa na familia nzima, yenye Windows 10 au 11: mtoto anafanyia kazi za shule, mama anaweka hesabu za duka, baba anaingia benki. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta nyingi kwetu zina menyu za Kiingereza. Tenga Jumamosi moja yenye umeme na bando la kutosha, kisha fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza na mambo yakaharibika katikati, hakuna programu ya bure itakayokurudishia picha zako.

Hatua ya 1: Okoa mafaili kwanza

Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje au flashi kubwa. Nenda kwenye "Documents", "Pictures", "Desktop" na "Downloads", uchukue vyeti, picha, hesabu, hati za kiwanja, kila ambacho kikipotea hakirudi. Chukua mafaili tu. Programu na visakinishi vyenye mwisho wa .exe viache hapohapo, maana huenda ndivyo vyenye ugonjwa.

Ukimaliza, chomoa diski hiyo na uiweke kabatini. Watu wengi huiacha imechomekwa wiki nzima, na hapo faida yake inapotea. Virusi vya kudai fidia, vile vinavyofunga mafaili na kukutaka ulipe ili uyafungue, hufunga kila diski vinavyoiona imeunganishwa. Kundi moja la virusi hivyo liitwalo STOP, au Djvu, limewaumiza sana watumiaji wa nyumbani, na njia yake kuu ya kuingia ni programu za kukrakiwa. Likishakushika, nakala iliyoko kabatini ndiyo inayokuokoa.

Mafaili machache ya maana kabisa yapandishe pia mtandaoni. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bila malipo, na hizo zinatosha vyeti na hati za familia nzima.

Hapohapo, pakua CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure inayosoma afya ya diski. Ikiandika "Good", endelea. Ikiandika "Caution" au "Bad", uzito unaouona huenda hauhusiani na virusi hata kidogo: diski inakufa, na unahitaji nyingine. Laptop nyingi za mtumba bado zina diski za kuzunguka. Kuibadilisha kwa SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kunaleta nafuu kubwa kuliko programu yoyote ya kuongeza kasi iliyowahi kuandikwa.

Hatua ya 2: Ijue Windows uliyo nayo

Bonyeza kitufe cha Windows, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kitakuonyesha toleo lako. Kama ni Windows 10, fahamu kwamba Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unaofika Oktoba 2026, na unaweza kuingia bila kulipa ukitumia akaunti ya Microsoft na kuwasha huduma ya kuhifadhi mipangilio. Utaukuta kwenye ukurasa wa "Windows Update". Kuhamia Windows 11 kunahitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au cha baadaye. Kama mashine yako ni ya zamani kuliko hapo, nitaigusia mwishoni.

Sasa fungua "Settings", kisha "System" (kwenye Windows 10 ni "Update & Security"), kisha "Activation". Tunatafuta kujua kama Windows yako ni halali, na nina sababu ya kulikazania hili. Kifaa maarufu cha kukraki Windows ni KMSPico. Mwishoni mwa 2021, kampuni ya usalama ya Red Canary ilionyesha jinsi nakala bandia za KMSPico zilivyokuwa zikibeba CryptBot, programu inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari, vidakuzi (alama zinazokuweka ndani ya akaunti bila kuandika nywila tena) na pochi za sarafu za mtandaoni. Maelekezo ya kraki karibu zote huanza kwa sentensi ileile: zima antivirus kwanza. Mtu anazima ulinzi kwa mkono wake, anaendesha faili asilojua limetoka wapi, kisha anaingia benki.

Habari njema ni kwamba huenda unayo leseni halali bila kujua. Laptop za Dell, HP, Lenovo na nyinginezo zilizouzwa zikiwa na Windows 10 au 11 kwa kawaida zina ufunguo wa Windows ndani ya ubao wake. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua "Terminal" au "PowerShell", uandike amri hii:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikitokea mistari ya herufi na tarakimu, huo ndio ufunguo uliokuja na mashine kutoka kiwandani. Ukisakinisha upya toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, Windows huusoma yenyewe na kujihalalisha. Laptop nyingi za mtumba zinakrakiwa wakati leseni halali imelala humohumo.

Kuna jambo moja zaidi la kukagua hapa, na watu wachache hulijua. Aliyeweka kraki mara nyingi huiamuru Windows isikague folda fulani. Ni sawa na kumwambia mlinzi wa geti kwamba fulani asikaguliwe kamwe, hata akipita na begi usiku. Fungua "Windows Security", kisha "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", shuka hadi "Exclusions" na ubofye "Add or remove exclusions". Kwa kompyuta ya nyumbani, orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Ukikuta C: nzima imeandikwa pale, au folda usiyoijua, iondoe. Rudi juu uhakikishe "Real-time protection" na "Tamper protection" zimewashwa. Zikikataa kuwaka, au ukaambiwa mipangilio inasimamiwa na msimamizi ilhali msimamizi ni wewe, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kusakinisha upya. Mashine hiyo haiaminiki tena.

Hatua ya 3: Ondoa visivyohitajika

Fungua "Settings", "Apps", "Installed apps" na upange orodha kwa tarehe. Pitia moja moja. Ondoa kila kinachojiita cha kuongeza kasi, cha kusasisha "drivers" (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta), cha kusafisha rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), pamoja na vipau vya kutafutia na michezo isiyochezwa. Rejista ya Windows haihitaji kusafishwa, na Microsoft wenyewe hawaungi mkono programu za kazi hiyo.

Usidhani programu yenye jina kubwa imepona. CCleaner ilikuwa kipenzi cha mafundi kwa miaka mingi. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wake na kupachika programu hasidi ndani ya toleo la 5.33. Nakala hiyo ilikaa kwenye tovuti rasmi karibu mwezi mzima na ikafika kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2. Watu walipakua kisafishaji kutoka mahali sahihi kabisa, na bado wakaumia. Kila programu unayoongeza ni mlango mmoja zaidi wa kulinda.

Antivirus za majaribio zilizokuja na laptop, kama McAfee au Norton iliyokwisha muda, ziondoe pia. Antivirus nyingine ikiwepo, Defender, antivirus iliyomo ndani ya Windows yenyewe, hujiweka kando, kwa hiyo unaweza kubaki na mlinzi aliyekwisha muda huku yule mzima amepumzishwa. Ukishaiondoa na kuwasha upya, Defender hurudi kazini.

Je, Defender inatosha? Kwa nyumbani, ndiyo. Maabara huru za AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria huipima pamoja na zile za kulipia, na hupata alama za juu. Nami naipendelea kuliko antivirus nyingine za bure kwa sababu ya yaliyotokea kwa Avast. Februari 2024, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kukusanya historia ya tovuti walizotembelea watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Programu iliyoahidi kuwalinda watu dhidi ya kufuatiliwa ndiyo iliyokuwa ikiwafuatilia.

Maliza hatua hii kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue "Startup apps". Zima vyote visivyohitaji kuwaka pamoja na mashine. Kuzima hapa hakufuti kitu, kwa hiyo huna haja ya kuogopa.

Hatua ya 4: Skani, kwa mpangilio

Anza na Defender. Kwenye "Virus & threat protection", bofya "Check for updates" ipate orodha mpya ya virusi, kisha "Scan options", chagua "Full scan" na uiache ifanye kazi. Inaweza kuchukua saa kadhaa kwenye diski ya zamani.

Ikimaliza, rudi hapohapo uchague "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Hii hujizima na kuwaka ikiwa peke yake, kabla Windows haijaanza, na huchukua kama dakika 15. Faida yake ni kwamba kirusi kinachojificha Windows ikiwa imewaka hakipati nafasi ya kuamka. Hifadhi kazi zako zote kabla ya kubofya.

Baada ya hapo tafuta maoni ya pili. Pakua Malwarebytes kutoka tovuti yake yenyewe. Itakupa siku 14 za toleo la kulipia, na zikiisha itarudi kuwa ya bure, inayoskani pale tu unapoiambia. Hilo ndilo tunalolihitaji, kwa hiyo puuza vishawishi vya kununua. Kwa matangazo na vipau vya vivinjari, ongeza AdwCleaner ya kampuni hiyohiyo. Ni faili moja, haisakinishwi, na ukimaliza unalifuta.

Mwisho, kwenye "App & browser control", fungua "Reputation-based protection settings" na uhakikishe "Potentially unwanted app blocking" imewashwa. Hiyo huzuia takataka zinazoingia kwa kujibanza ndani ya programu nyingine.

Hatua ya 5: Masasisho, hata kama bando ni ghali

Tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150. Tundu kilichopitia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wengi walioumia walikuwa bado hawajasasisha.

Kwetu watu huzima masasisho kwa sababu moja ya kueleweka: yanakula bando. Kuna njia ya kati. Kompyuta ikitumia intaneti ya simu, iweke kama "Metered connection" kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Windows itaacha kupakua masasisho mengi yenyewe. Kisha uyapakue kwa mkono siku uliyojipangia, kwa bando la usiku au kwenye Wi-Fi ya ofisini. Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa za Afrika Mashariki hufika usiku wa siku hiyo. Basi Jumatano inayofuata iwe siku yako: fungua "Windows Update", pakua, washa upya. Hakikisha laptop ina chaji, maana umeme kukatika katikati ya sasisho ndiyo njia ya haraka ya kujiletea skrini ya buluu.

Programu nyingine nazo zina matundu. WinRAR, ya kufungua mafaili yaliyobanwa, ipo karibu kwenye kila kompyuta, na ni wachache walioisasisha tangu iwekwe, kwa kuwa haijisasishi yenyewe. Mwaka 2023 tundu lake moja lilitumiwa na wahalifu kwa miezi kadhaa kabla ya kuzibwa Agosti katika toleo la 6.23: unafungua picha iliyo ndani ya kifurushi, na nyuma ya pazia hati hasidi inaendeshwa. Badala yake weka 7-Zip, ya bure na huria, inayofungua mafaili ya RAR pia. Kwa Office iliyokrakiwa, weka LibreOffice. Kwa muziki na filamu, VLC.

Ili kusasisha zote kwa pamoja, fungua "Terminal" uandike winget upgrade. Utapata orodha ya programu zilizopitwa na wakati. Ukikubaliana nayo, andika winget upgrade --all na uiache ifanye kazi.

Hatua ya 6: Usitumie akaunti ya msimamizi kila siku

Hii ni ya dakika tano, na ulinzi wake ni mkubwa kuliko unavyodhani. Kwenye "Settings", "Accounts", "Other users", tengeneza akaunti mpya, uipe cheo cha "Administrator" na nywila ngumu. Ingia kwenye hiyo mpya, kisha ibadilishe akaunti yako ya kila siku iwe "Standard User". Kila mtoto naye mpe yake ya kawaida. Kuanzia hapo, programu yoyote ikitaka kujisakinisha kwenye mfumo mzima, Windows itadai nywila ya msimamizi. Mtoto aliyepakua mchezo wa bure hatakuwa nayo, atakuja kukuita, na mtapata nafasi ya kuzungumza kabla kitu hakijaingia.

Hatua ya 7: Kivinjari, mlango unaotumika zaidi

Anza na viendelezi. Kwenye Chrome andika chrome://extensions juu, kwenye Firefox andika about:addons, na uondoe kila usichokumbuka kukiweka mwenyewe. Kisha sakinisha uBlock Origin, ya bure na huria, inayozuia matangazo pamoja na tovuti nyingi za kitapeli. Kwenye Firefox inafanya kazi kikamilifu. Chrome imeacha kuikubali, na kilichobaki huko ni uBlock Origin Lite, yenye nguvu pungufu kidogo. Faida ya pembeni ni kwamba kurasa bila matangazo hula bando kidogo.

Kama vijumbe vya "kompyuta yako ina virusi 5" vinajitokeza pembeni mwa skrini hata usipofungua tovuti yoyote, mara nyingi hapo hakuna kirusi. Siku moja ulibofya "Allow" kwenye tovuti fulani. Kwenye Chrome nenda "Settings", "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", na uziondoe tovuti zote usizozijua. Vijumbe vitakoma papo hapo.

Ukurasa ukijaza skrini nzima ukidai unatoka Microsoft na kukupa namba ya simu, usipige. Maonyo halisi ya Microsoft hayawi na namba ya simu. Bonyeza Esc, na ikishindikana, Ctrl, Shift na Esc, uchague kivinjari na ubofye "End task".

Utapeli ninaouogopa zaidi kwa sasa ulianza kuenea 2024, na unawapata hata watu makini. Unafungua ukurasa, unaambiwa uthibitishe kuwa wewe si roboti. Unabofya kisanduku kama kawaida. Kisha, badala ya picha za mataa na baiskeli, unapewa maelekezo matatu: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, bonyeza Ctrl na V, bonyeza Enter. Yanaonekana ni mazoezi ya vidole tu. Lakini ulipobofya kile kisanduku, ukurasa ulinakili amri kimyakimya. Windows na R hufungua kidirisha cha kuendesha amri, Ctrl na V huibandika, na Enter huiendesha. Umesakinisha mwizi kwa mkono wako, na kivinjari hakikupata nafasi ya kukuonya kwa sababu hukupakua faili lolote. Wakalishe watu wa nyumbani kwako uwaonyeshe hili. Hakuna tovuti halali inayothibitisha ubinadamu wako kwa njia hiyo.

Hatua ya 8: Nywila

Ukishakuwa na uhakika mashine ni safi, badilisha nywila zako, ukianza na ya barua pepe. Usizibadilishe kabla, maana programu ya wizi ikiwa bado imo itaziona na hizo mpya. Kwenye akaunti ya Google na za mitandao ya kijamii, tafuta pia sehemu ya kutoa vifaa vyote vilivyoingia. Wezi wa vidakuzi wanaweza kuendelea kuwa ndani ya akaunti bila kuhitaji nywila.

Tumia kitunza nywila. Bitwarden ni ya bure, inafanya kazi kwenye simu na kompyuta, na inahitaji intaneti kuoanisha vifaa. KeePassXC huweka kila kitu kwenye faili moja ndani ya mashine yako bila mtandao, kwa hiyo faili hilo nalo liingie kwenye nakala zako. Kwa uthibitisho wa hatua mbili, chagua programu ya simu kama Aegis ya Android kuliko SMS pale inapowezekana. Tapeli akifanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yake, SMS zote zinamwendea yeye.

Flashi na steshenari

Nimeipa flashi sehemu yake kwa sababu ndiyo inayoturudishia virusi baada ya kazi yote hii. Zamani Windows ilikuwa inaendesha yenyewe kilichomo kwenye flashi mara tu inapochomekwa, na ndivyo kirusi cha Conficker kilivyopata njia mojawapo ya kusambaa kuanzia mwishoni mwa 2008. Windows 7 ikaacha tabia hiyo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuizima kwenye XP na Vista pia. Waandishi wa virusi wakabadili mbinu: kama Windows haitaendesha yenyewe, basi mwenye flashi abofye.

Ndiyo maana ukirudi kutoka kuchapisha kwenye steshenari unafungua flashi na kukuta folda zako zote zina kimshale kidogo kwenye kona, na kila moja ina ukubwa wa KB 1 au 2. Hizo si folda. Ni njia za mkato zinazoendesha kirusi kisha zinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu.

Usibofye chochote. Kwenye "This PC", bofya kulia jina la flashi na uchague "Scan with Microsoft Defender". Ikishamaliza kutoa virusi, angalia herufi ya flashi, tuseme ni E, fungua "Command Prompt" na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Alama h, r na s ni sifa tatu ambazo kirusi huzitumia kuficha na kulinda mafaili, na alama ya kutoa mbele yake inaziondoa. Subiri mstari urudi, kisha fungua flashi. Folda halisi zitaonekana pembeni ya zile bandia. Hamishia mafaili kwenye kompyuta, "format" flashi, uyarudishe. Usinakili chochote chenye mwisho wa .lnk, .vbs au .exe. Ili uione miisho hiyo, fungua "File Explorer", "View", na uwashe "File name extensions". Iache imewashwa siku zote, maana ndiyo itakayokuonyesha kwamba faili la "video ya harusi.mp4" kwa kweli ni "video ya harusi.mp4.exe".

Kinga nzuri zaidi ni kutoichomeka flashi steshenari kabisa. Geuza kazi yako iwe PDF na uitume kwa barua pepe ya duka. Usiingie WhatsApp yako kwenye kompyuta yao. Kama ulishaingia, fungua simu, nenda "Linked devices", na uitoe leo.

Nafasi ya diski na ruta, kwa haraka

Kupata nafasi, tumia "Settings", "System", "Storage", "Temporary files". Kabla ya kubofya "Remove files", angalia kama kisanduku cha "Downloads" kimetiwa alama na ukiondoe, maana hapo ndipo watu hufuta mafaili yao wenyewe. Kuona kinachokula diski, WinDirStat ya bure inatosha. Ruta ya nyumbani ibadilishe nywila ya msimamizi iliyokuja nayo, na uweke 9.9.9.9, huduma ya bure ya Quad9, kama DNS yake, yaani huduma inayotafuta anwani za tovuti. Huzuia anwani nyingi za tovuti hasidi kwa vifaa vyote vya nyumbani, simu zikiwemo.

Ikishindikana: sakinisha upya kihalali

Kama Defender inakataa kuwaka, kama virusi vinarudi kila baada ya kuskani, au kama Windows ni ya kukrakiwa, usiendelee kupoteza bando. Kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, pakua "Media Creation Tool" kutoka tovuti ya Microsoft, uweke flashi tupu ya angalau GB 8, na uifuate. Washa mashine kwa flashi hiyo na ufute sehemu zote za diski wakati wa kusakinisha, baada ya kuhakikisha mara mbili kwamba nakala zako za hatua ya 1 zinafunguka.

Kwa mashine isiyoweza kubeba Windows 11, weka Linux Mint. Ni bure na ni halali, inatosheka na RAM ya GB 4, na inakuja na Firefox na LibreOffice tayari. Iandike kwenye flashi kwa kutumia Rufus, programu ndogo ya bure, uiwashe kutoka humo bila kusakinisha kwanza, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa. Vikifanya kazi hapo, vitafanya kazi ukishaisakinisha.

Ukirudisha mafaili kutoka diski ya nje kwenye Windows mpya, iskani diski hiyo kwanza kwa kubofya kulia, kabla ya kufungua folda hata moja.